Katani Ndani ya Plastiki

Haya ni maneno ya somo lililosomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima. Mmoja wenu asome kwa sauti, polepole, na wengine wafuate katika vitabu vyao.

Leo tutasema juu ya vitu viwili ambavyo kila mmoja wenu amevishika kwa mkono wake, yaani katani na plastiki. Tutajifunza jinsi nyuzi za katani zinavyotiwa ndani ya plastiki iliyotengenezwa kwa mahindi, na kwa nini hapana budi nyuzi hizo zitengenezwe uso kwanza. Mwalimu wa darasa, tafadhali viweke mezani vitu hivi: kipande cha kamba ya katani, kifuniko cha ndoo ya plastiki, na maji kidogo katika kikombe. Tutavihitaji baadaye.

Kwanza habari za katani. Mkonge si mmea wa asili katika nchi zetu. Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dr. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Miche ilisafiri kwa meli kupitia Hamburg, na ilipofika Tanga iliyokuwa hai bado ilikuwa 62 tu. Katika miche hiyo 62 ndipo yalipoanzia mashamba ya mkonge ya Tanganyika.

Wale waliopata kufanya kazi mashambani wajua yanayofuata. Jani hukatwa, hufungwa mizigo, hupelekwa kiwandani kwenye mashine iitwayo korona. Huko hupondwa na kukwanguliwa mpaka nyama yote ya jani itoke, zikabaki singa nyeupe. Singa huoshwa, huanikwa juani, hupigwa brashi, kisha hufungwa robota. Katika kilo 100 za majani hupatikana kama kilo 4 tu za katani. Zilizobaki ni maji na makapi.

Mwaka 1964 Tanzania ilitoa katani tani 230,000 hivi, nayo ilikuwa miongoni mwa nchi za mbele kabisa duniani katika biashara hiyo. Watu walitoka mbali, hata nje ya mipaka, kuja kukata mkonge. Kisha ikaja kamba ya plastiki. Kamba hiyo ilikuwa rahisi, nyepesi, na haikuoza melini wala shambani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 katani ya Tanzania ilikuwa imeshuka hata ikawa tani 20,000 hivi kwa mwaka. Zilikuwapo sababu nyingine pia: mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, mingi ya mikonge ikazeeka, mashine zikachakaa. Lakini aliyempiga mkonge kofi kubwa alikuwa plastiki. Basi ni jambo la ajabu kidogo kwamba sasa watu wanamwita mkonge aje amsaidie plastiki.

Sasa tuitazame plastiki yenyewe. Plastiki ya kawaida, ya ndoo na ya chupa, hutengenezwa kwa mafuta au gesi ichimbwayo ardhini. Uzuri wake mnaujua: ni nyepesi, haipitishi maji, haishiki kutu. Ubaya wake nao mnaujua. Haiozi. Vijidudu vya udongoni, ambavyo hula jani, gome na mti mzima ulioanguka, havijui namna ya kuila. Kwa sababu hiyo Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019.

Lakini ipo plastiki ya namna nyingine, nayo hutokana na mimea. Kuna aina kadhaa. Sisi tutaitazama moja, ambayo wataalamu huiita PLA. Hutengenezwa hivi. Wanga wa mahindi hugeuzwa kuwa sukari. Sukari ya muwa nayo yafaa. Sukari hiyo hupewa bakteria, nao huichachusha wakatoa asidi ileile inayofanya maziwa ya mtindi yawe makali mdomoni. Asidi hiyo ni chembe ndogo ndogo zisizoonekana kwa macho. Kiwandani chembe huunganishwa moja kwa nyingine, kama mtu anavyotunga shanga, mpaka zinakuwa minyororo mirefu sana. Minyororo hiyo ndiyo plastiki yenyewe. Katika mji wa Blair, jimbo la Nebraska huko Marekani, kiwanda kikubwa cha plastiki hii kilianza kazi mwaka 2002, katikati ya mashamba ya mahindi.

Plastiki hii ina kasoro zake. Ni ghali kuliko ya kawaida. Tena ni ngumu lakini huvunjika upesi: ukiikunja haipindi sana, inakatika kama kijiti kikavu. Tena haipendi joto. Ikifika joto la digrii 60 hivi huanza kulegea. Ukimimina chai ya moto katika kikombe chake, kikombe hupoteza umbo. Kitu cha namna hiyo hakifai kwa kazi ya nguvu.

Mtu akijenga nyumba ya udongo, hategemei udongo peke yake. Huchimbia nguzo, hufunga fito, ndipo akandike udongo. Fito hushika uzito, udongo huzishika fito na kuzikinga. Ukiondoa fito, ukuta huanguka mvua ya kwanza. Kazi ya nyuzi ndani ya plastiki ni hiyohiyo. Uzi wa katani, ukilinganishwa na plastiki ya unene uleule, hustahimili kuvutwa mara kadhaa zaidi. Kwa hiyo watu wakasema: tukate katani vipande vifupi, tuvichanganye na plastiki iliyoyeyushwa, tupate kitu kigumu, chepesi, tena cha kuoza, maana vyote viwili vyatoka shambani.

Wakajaribu. Mara nyingi kilichopatikana kilikuwa dhaifu kuliko walivyotazamia, na mara nyingine dhaifu kuliko plastiki tupu. Kwa nini?

Sasa mwalimu, chukua ile kamba na kile kifuniko. Tia tone la maji juu ya kifuniko cha plastiki. Tazameni wote. Tone linakaa juu, limejikusanya kama ushanga. Ukikiinamisha kifuniko, linateleza likaenda zake. Sasa tia tone juu ya kamba. Subirini kidogo. Limekwenda wapi? Limeingia ndani.

Hapo ndipo penye shida yote. Katani hupenda maji, plastiki huyakataa. Sehemu kubwa ya uzi wa katani ni kitu kiitwacho selulosi, ambacho ndicho kilichomo katika pamba na katika mbao pia. Selulosi ina chembe nyingi zinazovuta maji. Hata katani iliyokauka juani, unayodhani haina maji kabisa, katika kila kilo 10 yaweza kuwa na kilo 1 hivi ya maji iliyoyavuta kutoka hewani. Juu ya hayo, uzi una nta usoni mwake, ile iliyokuwa ikilikinga jani na jua, pamoja na vitu vingine vya kunata vilivyoziunganisha nyuzi zilipokuwa ndani ya jani. Plastiki iliyoyeyuka ikifika pale haimshiki uzi. Humzunguka tu, bila kumgusa sawasawa, na ikipoa hubaki nafasi ndogo ndogo kati yao. Kitu kikivutwa, uzi hauvunjiki. Huchomoka mzima, kama upanga katika ala. Uzi unaochomoka haukusaidia kitu. Umeacha tundu.

Basi dawa yake ni nini? Jibu lake analo fundi baiskeli. Mpira ukitoboka, fundi hapaki gundi mara moja akabandika kiraka. Kwanza huusugua mpira kwa msasa, pale palipotoboka, mpaka ule wororo wa juu utoke na mpira uwe na mikwaruzo. Kisha hupangusa vumbi. Ndipo apake gundi, angoje kidogo, abandike kiraka, akigonge. Fundi mvivu asiyesugua, kiraka chake hubanduka kabla mteja hajafika nyumbani. Mwashi naye hufanya vivyo hivyo: kabla ya kupiga lipu juu ya ukuta wa zamani ulio laini, huuchonga-chonga kwa nyundo ili saruji mpya ipate mahali pa kushika.

Uzi wa katani ni mwembamba mno, hausuguliwi kwa msasa. Husuguliwa kwa dawa. Dawa inayotumika zaidi ni soda kali, ile ambayo watengeneza sabuni huiita kostiki. Jambo hili si jipya. Mwingereza John Mercer, mtu wa Lancashire aliyekuwa akipiga chapa vitambaa, alitia pamba katika soda kali akaona nyuzi zinabadilika, akaandikisha haki yake mwaka 1850. Mpaka leo uzi mzuri wa kushonea, ule unaong'aa, huenda umepitia njia hiyo.

Kwa katani hufanywa hivi. Huchanganya soda na maji. Kiasi cha kawaida ni kama gramu 50 za soda katika lita moja ya maji. Katani hulowekwa humo kwa muda wa saa chache. Soda huila ile nta, hula na sehemu ya vile vitu vya kunata. Kisha katani husuuzwa kwa maji mengi, na mara nyingine hutiwa asidi kidogo ya namna ya siki ili kuua ukali wa soda uliobaki. Halafu hukaushwa vizuri. Uzi unaotoka hapo una mambo mawili mapya. Kwanza, uso wake umekuwa na mikwaruzo na vijishimo, plastiki ina mahali pa kuingiza vidole. Pili, uzi mmoja mnene umeachana ukawa nyuzi nyembamba nyingi, na kwa kuwa ni nyingi, mahali pa kushikana pameongezeka.

Lakini kiasi lazima kiangaliwe. Soda ikizidi, au katani ikikaa humo muda mrefu kupita kiasi, dawa haiishii kwenye nta. Huanza kuula uzi wenyewe, na uzi uliokuwa na nguvu hukatika kwa kidole. Na ninyi wanafunzi, nawaonya waziwazi: msilijaribu jambo hili nyumbani. Soda kali huunguza ngozi, na tone moja jichoni laweza kupofusha. Wenye kuitumia kazini huvaa glovu na miwani, na daima huitia soda ndani ya maji, kidogo kidogo. Hawamimini maji juu ya soda, kwa sababu huchemka ghafula na kuruka.

Iko njia nyingine ambayo binafsi naiona ni ya werevu zaidi. Kuna dawa za kundi liitwalo sileni. Chembe ya sileni ni kama mtu mwenye mikono miwili isiyofanana. Mkono mmoja hupenda kushika selulosi, mkono wa pili hupenda kushika plastiki. Uzi ukipakwa dawa hiyo, kila chembe hushika huku na huku, ikawa kama mshenga kati ya jamaa mbili zisizosikilizana. Ubaya wake ni bei. Shamba la Korogwe laweza kununua soda pipa kwa pipa; sileni ni dawa ya kuhesabiwa kwa uangalifu. Mara nyingi huanza na soda kuosha, ndipo hutiwa sileni kidogo.

Baada ya hayo kuna mambo matatu ya kiwandani. Joto: nyuzi za mimea zikipita digrii 200 hivi huanza kuungua na kugeuka rangi. Kwa bahati PLA huyeyuka kabla ya hapo, kwenye digrii 150 mpaka 180, na hii ni sababu moja ya hizo mbili kufaa kuwa pamoja. Unyevu: katani ikiingia na maji, joto huyageuza mvuke, na mvuke huikata ile minyororo tuliyoifananisha na shanga, plastiki ikawa dhaifu, kwa hiyo vyote viwili hukaushwa kabla ya kuchanganywa. La tatu ni urefu. Kipande cha uzi kikiwa kifupi mno huchomoka hata kama kimeoshwa vizuri, kama msumari mfupi katika ubao mnene. Kikiwa kirefu mno hujisokota ndani ya mashine.

Je, watu hutumia vitu hivi? Ndiyo, ingawa si vyote huoza. Viwanda vya magari vya Ujerumani, tangu miaka ya 1990, vimetia nyuzi za kitani na za katani katika mbao za ndani za milango ya magari. Gari huwa jepesi, kwa maana nyuzi za mimea ni nyepesi kuliko nyuzi za kioo zilizotumika zamani. Lakini mara nyingi plastiki inayoshika nyuzi hizo ni ile ya mafuta. Kabla ya hapo, katika Ujerumani ya Mashariki, kulikuwa na gari lililoitwa Trabant, lililotengenezwa mji wa Zwickau kutoka mwaka 1957 mpaka 1991. Bodi yake ilikuwa masalio ya pamba yaliyoshikwa na gundi ngumu. Bodi hiyo haikushika kutu hata kidogo. Magari yalipochoka, watu hawakujua wayafanye nini, kwa sababu bodi haikuyeyuka wala haikuoza. Uzi wa mmea hautoshi kufanya kitu kioze. Hutazamwa pia ulichofungwa nacho.

Na hapa nataka msikilize kwa makini, kwa sababu siku moja mtauziwa sahani au mfuko, na muuzaji atawaambia, "Hii inaoza." Neno hilo si uongo, lakini ni fupi mno. Muulizeni: inaoza wapi, na kwa muda gani? PLA huoza vizuri katika lundo kubwa la mbolea lenye joto la digrii 60 hivi, lenye unyevu na vijidudu vingi. Katika lundo la namna hiyo huweza kwisha kwa miezi michache. Ukiitupa pwani, au ukiizika nyuma ya nyumba kwenye udongo wa baridi, yaweza kukaa miaka. Mji usio na lundo kama hilo ukinunua plastiki hii umebadili jina la taka tu.

Katani hubadili jambo hilo kidogo. Uzi huvuta maji ndani, na maji ndiyo yanayoanza kuikata minyororo ya PLA; kwa hiyo mchanganyiko wenye nyuzi mara nyingi huanza kuharibika upesi kuliko plastiki tupu. Lakini tumesema uzi huoshwa na kupakwa dawa ili ushikamane na plastiki na usivute maji sana. Mnaona mvutano uliopo? Ukiufunga uzi vizuri sana, kitu hudumu mkononi na hudumu shimoni pia. Ukiufunga ovyo, huoza upesi na huvunjika upesi. Fundi hana budi kuuliza kwanza: kitu hiki nataka kidumu miaka mingapi? Chungu cha miche kinachozikwa pamoja na mti chaweza kufungwa ovyo kidogo. Mpini wa kisu hauwezi.

Kwa watu wa Tanga jambo hili lina uzito wake. Sehemu kubwa ya katani ya Tanzania huuzwa nje ikiwa robota, na anayeinunua ndiye anayeiosha, anayeichanganya, na anayeweka bei ya mwisho. Kuosha kwa soda si kazi ya ajabu. Kunahitaji birika, maji mengi, soda, mtu mwenye kupima vizuri, na mahali salama pa kumwaga maji machafu, maana maji yale yakimwagwa mtoni huua samaki. Hilo la maji ndilo naliona gumu kuliko yote; mto Pangani una watumiaji wengi mpaka baharini. Nchi ina wataalamu wa mkonge tangu zamani. Kituo cha Mlingano, karibu na Muheza, ndicho kilichokuza mkonge chotara wa namba 11648, ambao wakulima wa nchi nyingi wameupanda. Aliyeweza kuubadili mmea wenyewe ataweza kuuosha uzi wake, akipewa nafasi na fedha.

Kazi ya kikundi. Chagueni mahali penye kivuli karibu na darasa. Chimbeni shimo moja la kina cha mkono mpaka kiwiko. Zikeni humo vitu vitatu, mbalimbali kidogo: kipande cha kamba ya katani, kipande cha kamba ya plastiki cha urefu uleule, na jani bichi la mgomba. Wekeni kijiti cha alama, na andikeni tarehe katika daftari. Fukueni baada ya miezi mitatu. Vuteni kila kamba kwa mikono miwili muone ipi inakatika, mwandike.